Inasubiri Nini? Mwongozo kwa Anayengoja Word Ifunguke

Watu watano wamesimama mbele ya meza yako: muuza kiwanja, mnunuzi, mashahidi wawili na mjumbe. Wametoka kukagua mipaka, viatu vimejaa vumbi la Terrat, na pesa ziko mfukoni mwa mtu ambaye hangependa kutembea nazo hadi jioni. Wanataka hati ya mauziano ichapwe, isainiwe, kila mmoja aende zake. Unabofya Word. Kimya. Unabofya tena. Kimya. Unabofya mara ya tatu, na sasa hata mshale wa kipanya umeganda, maana mashine iliyokuwa ikihangaika na ombi moja umeiongezea mawili.

Nimekaa nyuma ya meza ya namna hiyo miaka mingi, kwenye steshenari na kwenye ofisi za watu wanaoniita niwatazamie mashine, huku Terrat, kusini mwa Jiji la Arusha, ambako Mlima Meru unauona vizuri asubuhi na vumbi unalila mchana. Nimeona walimu wakibeba mitihani kwenye flashi kwenda kuichapa mjini kwa sababu kompyuta ya shule "imezeeka". Nimeona kijana akitoka jasho saa tano na nusu usiku, dirisha la maombi ya kazi linafungwa saa sita, na wasifu wake umo ndani ya faili lisilotaka kufunguka. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi mashine ile haikuwa imezeeka. Ilikuwa inasubiri kitu, na hakuna aliyeuliza inasubiri nini.

Shika swali hilo. Programu ya ofisi inayochukua dakika nzima kufunguka haifanyi kazi dakika nzima. Sehemu kubwa ya muda huo imekaa tu, inangoja diski ilete vipande, au printa ijibu, au mtandao uitike, au nafasi ipatikane kwenye RAM, kumbukumbu ya muda. Kila mfumo endeshi una mambo yake unayoyangoja, na ndiyo maana LibreOffice ile ile, programu ya ofisi ya bure, inaweza kuwa nyepesi kwenye mashine ya jirani na nzito kwenye yako, hata kama mlizinunua kwa muuzaji mmoja.

Pima kabla hujamwita mtu

Ukimwita fundi, kuna uwezekano mkubwa akakwambia, "Tupige Windows upya." Inasaidia wiki mbili tatu, kisha uchelewaji unarudi, kwa sababu kile kilichokuwa kikisubiriwa bado kipo. Kabla ya hapo, chukua simu yako na ufungue saa ya kuhesabu sekunde.

Kwenye Windows, chagua Restart, usichague Shut down. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huacha sehemu ya mfumo imehifadhiwa kwenye diski ili mashine iwake haraka kesho yake, kwa hiyo unaweza kuizima kila jioni mwezi mzima na isianze upya hata mara moja. Restart ndiyo inayofuta ubao. Mashine ikishawaka, iache dakika tano bila kuigusa. Kisha fungua Word, au LibreOffice Writer, na uhesabu sekunde tangu unapobofya hadi unapoweza kuandika herufi ya kwanza. Andika namba kwenye karatasi. Funga programu, uifungue tena hapo hapo, uhesabu, uandike namba ya pili.

Namba hizo mbili zitakwambia karibu nusu ya unachotaka kujua. Kama ya kwanza ni dakika nzima na ya pili ni sekunde chache tu, mshukiwa ni diski. Mara ya kwanza programu imetolewa diskini kipande kwa kipande. Mara ya pili mfumo ulikuwa bado umevishika vipande vile kwenye RAM, kwa hiyo haukuhitaji kurudi diskini. Kama namba zote mbili ni kubwa na zinakaribiana, iache diski kwanza. Hapo kuna kitu kinachosubiriwa upya kila mara: printa, mtandao, kijiprogramu kilichojipachika ndani ya Word, au prosesa iliyochoka kwa joto.

Kipimo cha tatu ni kwa mwenye haraka ya asubuhi. Fungua programu mara tu baada ya kuwasha, bila kungoja zile dakika tano. Kama tofauti na kipimo cha kwanza ni kubwa mno, Word inapigania foleni na programu nyingine zinazoamka pamoja na mashine.

Diski ya sahani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwenye kompyuta nyingi nilizofungua hapa Terrat na Muriet, hapa ndipo tatizo lilipo.

Diski ya sahani ya laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kusoma kipande kidogo cha faili, mkono wa diski husogea hadi kwenye mstari wake, kisha husubiri sahani izunguke hadi kipande hicho kipite chini ya kichwa. Safari moja ni milisekunde 15 hivi. Kwa mwendo huo diski inaleta vipande vidogo vilivyotawanyika kama 70 tu kwa sekunde. Sasa fikiria programu ya ofisi inavyofunguka: inataka maktaba zake, fonti, menyu, kamusi, mipangilio yako, orodha ya nyaraka ulizofungua jana. Ni kama kumtuma mtoto dukani alete chumvi, akirudi, umtume sukari, akirudi, kiberiti. Mtoto ana mbio na duka liko karibu, ila safari ni nyingi.

SSD ni diski ya aina nyingine, isiyo na sahani wala mkono. Safari yake ni sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Kwa hiyo mtu mwenye laptopu ya mwaka 2012 yenye diski ya sahani, akaweka SSD, anaweza kuona Word ikifunguka upesi kuliko kwenye mashine mpya ya bei rahisi iliyokuja na diski ya sahani. Kama una fedha ya jambo moja tu, fanya hilo.

Ila nisikuharakishe. Kama uchelewaji haukuwepo mwezi uliopita na umekuja ghafla, na ukitega sikio unasikia diski ikigonga-gonga, usipime chochote wala usifanye usafi wowote. Nakili nyaraka zako sasa hivi kwenye flashi mbili au diski ya nje. Umeme unapokatika ghafla wakati kichwa kinaandika, na mashine inapohamishwa meza ikiwa inawaka, sahani zinaweza kupata madonda. Diski yenye madonda hurudia kusoma sehemu moja tena na tena kabla ya kukata tamaa, na wewe unaona tu kwamba "Word imekuwa nzito". Mwalimu mmoja wa hapa karibu aliniletea mashine ya aina hiyo nikaanza kwa kuipunguzia programu. Siku ya pili haikuwaka, na mitihani ya muhula mzima ilikuwemo. Tangu siku ile naanza na kunakili, hata mwenye mashine akiniambia hana kitu cha maana humo. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, kwenye Windows, husoma taarifa ambazo diski inajiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, acha maswali mengine.

Ukiwa kwenye Windows

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Kama ni dogo, lifungue likupe safu zote. Liache wazi, fungua Word, na utazame. Safu ya Disk ikipanda hadi asilimia 100 huku prosesa haina kazi, umeona kwa macho kile nilichoeleza juu. Safu ya Memory ikiwa imepita asilimia 90, tatizo ni nafasi. Windows 10 yenyewe, kabla hujafungua kitu, huchukua karibu GB 2 za RAM. Kwenye mashine ya GB 4, ukishafungua Chrome yenye kurasa nane na WhatsApp ya kompyuta, Word inafika nyumba imejaa. Windows inalazimika kuhamishia mizigo ya wengine diskini ili Word ipate pa kukaa, na kama diski ni ya sahani, unalipa mara mbili. Jaribu kwanza dawa isiyo na gharama: funga Chrome, kisha fungua Word.

Ndani ya Task Manager hiyo hiyo kuna ukurasa wa Startup, wenye orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Utakuta za muziki, za michezo, za simu uliyoiuza zamani. Zima zile unazozijua na huzihitaji, moja moja, ukipima kila mara. Usizime usichokijua.

Kinga ya virusi pia inastahili kutazamwa. Microsoft Defender hukagua mafaili yanapofunguliwa, na hiyo ni kazi ya haki inayogharimu muda kidogo. Lakini nimekuta mashine zenye kinga mbili juu yake, moja imekwisha muda, nyingine imewekwa na fundi wa pili, na kila faili linapekuliwa zaidi ya mara moja kama abiria wa mpakani. Baki na moja.

Kuhusu Word iliyovunjwa nitasema wazi. Najua kwa nini watu wanaiweka. Lakini kile kijiprogramu cha kuidanganya leseni mara nyingi hukutaka uzime kinga kwanza, kisha huacha vibarua vyake vikiamka nyuma kila mara, na hujui vinafanya nini kingine kwenye mashine yenye nakala za vitambulisho na hati za viwanja vya watu. Wateja wako wamekuamini na majina yao. LibreOffice ni bure kihalali na inafungua mafaili ya Word.

Sasa njoo kwenye lile kundi la namba mbili zinazofanana. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi ambako Word ilikuwa inachelewa karibu dakika kila ilipofunguliwa. Sikupima. Nilisema ni diski, wakanunua SSD, nikaiweka, na Word ikaendelea kuchelewa vile vile. Mama mhasibu aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hela imekwenda wapi?" Nilirudi nyumbani sina raha. Kesho yake nikagundua kwamba printa yao ya mtandao ilihamishiwa jengo jingine, lakini kwenye kompyuta bado ilikuwa imewekwa kuwa printa kuu. Word inapofunguka huiuliza printa kuu ukubwa wa karatasi na pembezo zake ili ipange ukurasa. Printa haipo, Word inangoja jibu mpaka ichoke. Nilichagua Microsoft Print to PDF iwe printa kuu, nikafungua Word, ikafunguka palepale. Gharama yake ilikuwa sifuri.

Kwa hiyo kama namba zako mbili ni kubwa, fanya hivyo kabla ya kutoa hata shilingi. Kwenye mipangilio ya printa, zima ile ruhusa ya Windows kujichagulia printa kuu, weka Microsoft Print to PDF, pima. Ukitaka kuchapa, utachagua printa halisi wakati wa kuchapa.

Ikiwa bado, shikilia Ctrl huku ukibofya Word. Itakuuliza kama unataka kuifungua kwa hali salama, kubali. Ikifunguka haraka, maana yake kuna kitu kimejipachika ndani yake. Nenda File, halafu Options, halafu Add-ins, na utakuta vijiprogramu vya kutengeneza PDF, vya skana, au vile wanafunzi wa chuo wanavyotumia kupanga marejeo. Vizime, urudishe kimoja kimoja.

La mwisho kwa Windows ni faili liitwalo Normal.dotm, ambalo Word hulisoma kila inapoanza. Likiharibika au likinenepa, kila kitu huchelewa. Funga Word, andika %appdata%\Microsoft\Templates kwenye sehemu ya anwani ya dirisha la mafaili, na ulibadilishe jina, usilifute. Word itajitengenezea jipya. Ukigundua kuna mtindo wako wa barua uliokuwa ndani yake, lile la zamani bado unalo.

LibreOffice, kwenye Windows na kwenye Linux

Watumiaji wa Kiswahili wana udugu wa zamani na programu hii. Mzizi wake ni StarOffice ya kampuni ya Kijerumani ya Star Division, iliyonunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999. Mwaka 2000 msimbo wake ukafunguliwa kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo lenye menyu za Kiswahili. Hata mimi msamiati mwingi wa kompyuta ninaotumia nilianza kuuona huko. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya watengenezaji walijitenga na kuanzisha LibreOffice.

Uzito wake wa kuamka unatokana na historia hiyo. Ilijengwa iweze kuishi kwenye mifumo mingi tofauti, kwa hiyo inakuja na vyombo vyake karibu vyote, kama mgeni anayehamia na godoro na sufuria zake. Vyombo hivyo ni maktaba nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya C++, na kabla hujaona ukurasa mweupe, mfumo lazima uzilete zote na kuyaunganisha majina ya kazi zilizomo, maelfu kwa maelfu. Mhandisi Michael Meeks na wenzake wametumia miaka mingi wakipunguza mzigo huo, na matoleo ya sasa ni mepesi kuliko yale ya OpenOffice za zamani. Kama bado unatumia OpenOffice, hamia LibreOffice.

Watu hulinganisha na kusema Microsoft ni mahodari kuliko hawa. Ukweli una sehemu nyingine. Office za Microsoft za zamani zilikuja na kijiprogramu kilichoamka pamoja na Windows na kuandaa vitu mapema, na tangu Windows Vista mfumo wenyewe hujifunza programu unazopenda na kuzipakia kwenye RAM kabla hujaziomba. LibreOffice nayo kwenye Windows ina kianzishi chake, Quickstarter, unachoweza kukiwasha kwenye mipangilio. Kiwashe kama una GB 8 za RAM. Kwenye GB 4 utakuwa umehamisha tu foleni kutoka saa nne kwenda saa mbili asubuhi.

Ndani ya LibreOffice, fungua Tools, halafu Options, kisha ukurasa wa Advanced, na uondoe alama kwenye matumizi ya Java. Barua, hati na majedwali ya kawaida hayaihitaji. Itahitajika kwa hifadhidata za Base na mambo machache mengine. Kama uliwahi kuongeza viendelezi, jaribu kuianzisha kwa hali salama kupitia menyu ya Help, kwa lengo lile lile la kwenye Word.

Kwenye Ubuntu kuna mtego wa pekee, nao huwakamata hasa wanaoanza. Programu moja hupatikana kwa vifurushi viwili. Ukiichukua kwenye duka la programu la Ubuntu, mara nyingi utapewa kifurushi cha snap, ambacho ni faili moja lililobanwa, na kila kitu humo lazima kikunjuliwe kinapohitajika. Mara ya kwanza kabisa hujenga pia orodha yake ya fonti. Kwenye diski ya sahani tofauti yake na kifurushi cha kawaida unaihisi bila saa. Fungua kituo cha amri (Terminal), andika snap list, na uone kama libreoffice imo. Ikiwemo, iondoe kwa sudo snap remove libreoffice, kisha sudo apt install libreoffice. Nyaraka zako zilizo kwenye folda zako hazitaguswa. Utapoteza tu mipangilio.

Tatizo jingine la Linux ni la kustaajabisha, na limenigharimu siku nzima kulielewa. Mtu akibadili jina la kompyuta bila kurekebisha faili la /etc/hosts, mashine hujitafuta kwa jina lake na haijipati. Baadhi ya programu hungoja jibu hilo kabla ya kuendelea, na pasipo intaneti zinangoja zaidi. Andika hostname kwenye kituo cha amri, kisha fungua /etc/hosts uone kama jina lile lile lipo kwenye mstari unaoanza na 127.0.1.1. Kama halipo, liweke. Na printa hazikusamehe huku pia: LibreOffice huuliza orodha ya printa kwa CUPS, huduma inayosimamia printa, na printa ya mtandao iliyokufa husubiriwa kama kwenye Windows. Ifute.

Siku hizi naulizwa sana kuhusu kuhamia Linux, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mitumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Naliunga mkono wazo hilo. Linux Mint yenye mazingira ya Xfce hukaa vizuri kwenye mashine ya GB 4. Ila usihukumu kwa kuijaribu kutoka kwenye flashi. Mtu huwasha Mint kwenye flashi ya bei rahisi, anafungua Writer, inachukua dakika mbili, anasema Linux ni nzito. Alichopima ni flashi.

Mac na simu

Mac ni chache huku kwetu. Nazikuta kwa wenye kampuni za utalii mjini na kwa watu wa miradi. Uchelewaji wao mkubwa ni mara ya kwanza baada ya kusakinisha au kusasisha, kwa sababu macOS hukagua sahihi ya programu nzima na huuliza seva za Apple kama haina shida. Intaneti ikiwa ya kusuasua, ikoni inaruka-ruka pale chini muda mrefu. Iache imalize, usiizime katikati. Mac zenye chipu ya Apple, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020, zina jambo moja zaidi: ukiweka programu iliyotengenezwa kwa Intel, Rosetta 2 huitafsiri kwanza. Pakua toleo sahihi la chipu yako na jambo hilo linaisha.

Simu zina RAM ndogo, na Android huziua programu zilizo nyuma ili kupata nafasi. Kama unaandika barua ndefu kwenye simu na kila ukirudi kutoka WhatsApp inaanza mwanzo, hiyo ndiyo sababu. Hifadhi kabla ya kutoka.

Vumbi na umeme

Kiangazi, upepo ukivuma kutoka upande wa mbugani, vumbi la kwetu laini la volkano huingia kila mahali. Likiziba feni na mapezi ya kupozea, prosesa hupata joto na hujipunguzia mwendo ili isiungue. Dalili yake ni mashine inayofungua Word vizuri asubuhi ya baridi na vibaya saa nane mchana. Ipime saa hizo mbili. Kuisafisha, zima mashine kabisa, toa betri kama inatoka, na usafishe kwa brashi laini na pampu ya hewa huku umeizuia feni isizunguke. Usiiweke laptopu juu ya kitambaa wala godoro. Matundu ya hewa yako chini.

Ukitumia betri, au sola ndogo, angalia hali ya umeme kwenye mipangilio. Ile ya kuokoa betri hupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi, na baadhi ya mashine hubaki humo hata umeme ukirudi.

Ukienda kununua

SSD ya inchi 2.5 huingia pale pale ilipokuwa diski ya laptopu nyingi za zamani. GB 240 zinatosha ofisi. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aichomeke na aifungue kwenye CrystalDiskInfo mbele yako. Utaona jina la modeli na saa ilizotumika. Kama anasema mpya na ina maelfu ya saa, rudisha. Jihadhari na laptopu ndogo ndogo zenye hifadhi ya eMMC iliyogandishwa kwenye ubao, hizo haziongezeki. Clonezilla, ya bure, itanakili mfumo wako mzima kwenye SSD mpya bila kupiga Windows upya, ilimradi SSD isiwe ndogo kuliko diski unayoitoa. Na RAM, usinunue kwa kukisia: DDR3 haiingii penye DDR4, na mashine zinazotaka DDR3L hazipendi DDR3 ya kawaida. Chomoa ile iliyomo, uende nayo dukani.

Hadi hapo utakapopata fedha ya SSD, badili ratiba. Ukifika dukani, washa mashine kwanza, ndipo ufungue milango, ufagie, umwage maji mbele kutuliza vumbi. Ukimaliza, fungua Word au Writer mara moja na uipunguze bila kuifunga. Itabaki imeamka siku nzima, na kila faili jipya litafunguka kwa mwendo wa ile namba ya pili kwenye karatasi yako. Weka faili moja la hati ya mauziano lenye nafasi tupu za majina, mipaka, bei na mashahidi, na la barua ya utambulisho, na la maombi ya kazi. Mjumbe akiingia na watu wake wanne, bofya mara moja tu, uwaulize kiwanja kinapakana na nani upande wa kaskazini.